Skrinseva za bure mtandaoni: Namna ya kuzipakua bila kuhatarisha kompyuta ya nyumbani

Na Mwandishi Wetu

KOMPYUTA ya nyumbani ikiachwa bila kuguswa kwa dakika kadhaa, kioo chake huweza kubadilika ghafla: samaki wakaanza kuogelea, maporomoko ya maji yakatiririka, au saa kubwa ikaanza kuhesabu sekunde. Programu ndogo inayofanya kazi hiyo huitwa skrinseva.

Watu wengi huiona kuwa ni pambo tu, sawa na kitambaa kilichofumwa kikatandikwa juu ya redio sebuleni. Kwa sababu hiyo huipakua kutoka tovuti yoyote inayojitokeza, na mara nyingi kazi hiyo huachiwa watoto. Hapo ndipo matatizo yanapoanza.

Kinyume na inavyodhaniwa na wengi, skrinseva si picha. Ni programu kamili, yenye uwezo uleule wa programu nyingine yoyote iliyomo ndani ya kompyuta. Na katika nyumba nyingi za mijini, kompyuta hiyohiyo inayopambwa kwa samaki ndiyo inayohifadhi hesabu za duka, ripoti za ofisini, kazi za shule, picha za harusi na za marehemu, pamoja na maneno ya siri ya barua pepe na ya akaunti za benki.

Makala haya yanaeleza asili ya skrinseva, sababu za kuwa njia inayopendwa na wahalifu, na hatua ambazo mtumiaji wa kawaida anaweza kuzifuata ili apate pambo analolitaka bila kupoteza mali yake.

Asili ya skrinseva

Katika miaka ya 1980, kompyuta nyingi zilitumia vioo vya aina ileile ya televisheni za zamani, zile zenye mgongo mkubwa. Ndani ya kioo cha namna hiyo kulikuwa na tabaka la fosfori lililotoa mwanga lilipopigwa na miali ya elektroni. Picha moja ilipokaa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku baada ya siku, fosfori ya sehemu hiyo ilichakaa kuliko ya sehemu nyingine. Matokeo yake, kivuli cha picha kilibaki kwenye kioo daima, hata pale kompyuta ilipozimwa.

Desemba 1983, jarida la Softalk la Marekani lilichapisha programu ya mtaalamu aitwaye John Socha, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta ya IBM PC. Iliitwa SCRNSAVE na haikuwa na urembo wowote. Mtumiaji asipogusa kitu kwa dakika tatu, kioo kiligeuka kuwa cheusi. Basi.

Urembo ulikuja baadaye. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa After Dark kwa kompyuta za Macintosh, na mashine zake za kubanika mkate zilizoruka kwa mabawa zikapata umaarufu mkubwa. Tangu hapo, lililokuwa jambo la kulinda kioo likawa jambo la kuburudisha macho.

Vioo bapa vilivyochukua nafasi ya vile vya zamani havichakai kwa namna ileile, hivyo sababu ya awali ya skrinseva imetoweka kwa kiasi kikubwa. Vioo vya aina ya OLED bado huweza kubaki na kivuli cha picha iliyokaa muda mrefu, lakini hata kwa vioo hivyo dawa iliyo bora ni kukizima kioo chenyewe kompyuta isipotumika.

Hata hivyo, isidhaniwe kuwa skrinseva zote ni upuuzi. Mei 1999, Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilianzisha mradi wa SETI@home, ambao skrinseva yake ilitumia muda wa mapumziko wa kompyuta za watu wa kawaida kuchambua mawimbi ya redio kutoka anga za mbali, kutafuta dalili za viumbe wenye akili. Ugawaji wa kazi kwa kompyuta hizo ulisitishwa Machi 2020. Tatizo, kwa hiyo, si skrinseva yenyewe, bali ni nani aliyeitengeneza na imepitia njia gani hadi kufika nyumbani kwako.

Kwa nini ni njia rahisi ya wahalifu

Katika mfumo wa Windows, faili la skrinseva hutambulika kwa herufi tatu zinazofuata nukta ya mwisho katika jina lake, yaani .scr. Kimuundo, faili hilo ni programu sawa na zile zenye herufi .exe. Windows ikiliona, huliendesha, nalo hupata haki zilezile alizonazo mtu aliyelifungua. Kama mtu huyo anaweza kufuta folda ya hesabu, skrinseva nayo inaweza. Kama anaweza kutuma barua pepe, nayo inaweza.

Jambo la pili ni kwamba watu wengi hawaijui siri hiyo. Mtumiaji aliyefunzwa kuogopa .exe hulipita .scr bila wasiwasi, akiamini kuwa ni picha inayotembea.

La tatu ni kwamba Windows, isiporekebishwa, huficha herufi hizo za mwisho. Faili linaloitwa harusi.jpg.scr huonekana kwenye kioo kama harusi.jpg. Isitoshe, aliyelitengeneza anaweza kulivika alama yoyote aitakayo, iwe ya picha, ya folda au ya hati ya kuandikia. Mwenye kuliona huamini anafungua picha za ndugu yake, kumbe anawasha programu ya mtu asiyemjua.

Upo ujanja mwingine uliofichika zaidi. Zipo alama maalumu za kompyuta, zilizowekwa kwa ajili ya lugha zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto kama Kiarabu, ambazo wahalifu huzipenyeza katikati ya jina la faili. Alama hiyo hugeuza mpangilio wa herufi zinazoifuata, hata jina linaloishia na gpj.scr likasomeka kana kwamba linaishia na rcs.jpg. Macho peke yake hayatoshi kuugundua ujanja huo.

Jambo la nne ni tamaa ya cha bure. Mtu hutoa pambo bila malipo, lakini ndani ya kifurushi ameweka programu za matangazo, za kubadilisha ukurasa wa kwanza wa intaneti, au za kuchungulia kinachoandikwa kwenye kibodi. Malipo yapo, ila mtumiaji haonyeshwi ankara.

Yaliyowahi kutokea

Historia ina mifano ya kutosha. Mapema Desemba 2001, mnyoo wa kompyuta uliopewa jina la Goner ulisambaa duniani kwa barua pepe na kwa programu ya mazungumzo ya ICQ. Kiambatanisho chake kiliitwa gone.scr, na ujumbe ulimshawishi mpokeaji kuwa mwenzake amemtumia skrinseva nzuri. Aliyeifungua alikuta programu zake za kinga zikizimwa na kufutwa, huku mnyoo huo ukijituma kwa watu waliokuwamo katika orodha yake ya anwani. Vijana wanne nchini Israel walikamatwa kuhusiana na tukio hilo.

Agosti 2003 ukaja Sobig.F, na Januari 2004 ukafuata Mydoom. Yote miwili ilikuwa minyoo ya barua pepe, na yote ilitumia .scr miongoni mwa herufi za viambatanisho vyake.

Mwishoni mwa mwaka 2004, kampuni ya Lycos Europe iligawa skrinseva iliyokusudiwa kuzilemea tovuti za watumaji wa barua pepe taka. Mpango huo ulilaumiwa na kusitishwa baada ya siku chache. Haukupita muda, zikaanza kusambaa barua pepe zilizodai kuleta skrinseva hiyohiyo, kumbe zimebeba programu ya kunasa kila kitufe kinachobonyezwa. Wahalifu walitumia jina lililokuwa midomoni mwa watu.

Novemba 2006, kampuni ya matangazo ya Zango ilikubali kulipa dola milioni 3 za Marekani ili kumaliza shauri lililoletwa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya nchi hiyo. Kwa mujibu wa tume, watumiaji walipewa vitu vya bure, zikiwamo skrinseva, bila kuelezwa ipasavyo kuwa vilifuatana na programu za matangazo ambazo zilikuwa ngumu kuziondoa.

Mei 2009, kampuni ya usalama wa kompyuta ya McAfee ilitoa ripoti kuhusu maneno ya hatari zaidi kutafutwa katika intaneti. Neno la Kiingereza la skrinseva ndilo lililoongoza. Katika ukurasa mbaya kuliko yote wa matokeo ya neno hilo, takriban tovuti 59 katika kila 100 zilihesabiwa kuwa za hatari.

Wapo wanaosema kuwa wao wako salama kwa kuwa hawatumii Windows. Desemba 2009, katika tovuti ya mapambo ya Linux iitwayo gnome-look.org, iligunduliwa skrinseva ya maporomoko ya maji ambayo ilikuwa na amri za kuiingiza kompyuta katika kundi la kushambulia tovuti nyingine. Iliondolewa haraka, lakini somo lilibaki kwamba hakuna mfumo unaoweza kumlinda mtu anayeikaribisha hatari kwa mkono wake mwenyewe.

Kwanza, jiulize kama unaihitaji

Kabla ya kutafuta skrinseva, mtumiaji ajiulize anataka nini hasa.

Kama lengo ni kuokoa umeme, skrinseva si jibu. Michoro inayotembea huifanya kompyuta iendelee kufanya kazi wakati ambapo ingepumzika, na uniti za LUKU zinaendelea kuisha. Ni afadhali kuweka mpangilio wa kuzima kioo baada ya dakika 5 au 10, na kuilaza kompyuta baada ya muda fulani.

Kama lengo ni kuzuia wengine wasichungulie kazi zako, kinachohitajika ni kufuli, si pambo. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja kitufe chenye alama ya Windows na herufi L, na kompyuta itafungwa papo hapo hadi neno la siri liandikwe.

Kama lengo ni uzuri, basi endelea kusoma, kwa kuwa ipo njia isiyohitaji kupakua chochote.

Njia iliyo salama kuliko zote

Windows 10 na Windows 11 huja na skrinseva zake zenyewe. Zimo za maandishi yanayozunguka, mapovu, riboni, mistari inayocheza, na kioo cheusi kitupu. Iliyo bora kwa familia ni ile iitwayo “Photos”, ambayo huonyesha picha zako mwenyewe moja baada ya nyingine.

Hatua za kuiweka ni hizi:

1. Tengeneza folda moja na uweke humo picha unazozitaka tu. Usichague folda yenye vitambulisho, vyeti au risiti za benki, kwani kila mgeni atakayeketi sebuleni ataviona.

2. Bofya kitufe cha kuanzia cha Windows, andika “screen saver”, kisha chagua mstari unaohusu kubadilisha skrinseva.

3. Katika orodha itakayofunguka, chagua “Photos”. Bofya “Settings” iliyo pembeni yake, uonyeshe folda uliyoitengeneza na kasi ya kubadilisha picha.

4. Weka idadi ya dakika za kusubiri. Dakika 5 hadi 10 zinatosha kwa nyumba nyingi.

5. Weka alama katika kisanduku kilichoandikwa “On resume, display logon screen”. Kwa kufanya hivyo, mtu akigusa mausi atadaiwa neno la siri kabla ya kuingia, mradi akaunti yako imewekewa neno hilo.

6. Bofya “Apply”, kisha “OK”.

Njia hii haihitaji intaneti, haimalizi bando, na hakuna programu ngeni iliyoingia ndani ya kompyuta.

Kabla ya kupakua

Anayeona kuwa za ndani hazimtoshi na anataka ya mtandaoni azingatie yafuatayo.

Hakikisha kinga yako ni hai. Windows 10 na 11 zina Microsoft Defender bila malipo. Si lazima kununua nyingine, na ni hatari kubwa kuweka programu ya kinga iliyovunjwa kufuli na kugawiwa kinyemela, kwani aliyeivunja anaweza kuwa ameongeza yake. Vilevile, pokea marekebisho ya usalama ya mfumo wako. Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025.

Tumia akaunti ya kawaida. Kompyuta ya familia inapaswa kuwa na akaunti moja ya msimamizi, ambayo neno lake la siri analijua mzazi, na akaunti nyingine za kawaida kwa matumizi ya kila siku. Programu hasidi ikifunguliwa katika akaunti ya kawaida haipati urahisi wa kugusa mfumo mzima.

Weka nakala ya akiba. Nakili hesabu, hati na picha muhimu kwenye diski ya nje, kisha ichomoe diski hiyo. Diski iliyobaki imechomekwa huweza kuharibiwa pamoja na kompyuta. Hatua hii ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na ndiyo inayoliliwa kuliko zote siku ya msiba.

Nenda kwa mtengenezaji mwenyewe. Andika anwani ya tovuti yake badala ya kubofya tangazo la kwanza katika matokeo ya utafutaji. Tovuti inayoonyesha vitufe vitano vya kupakua katika ukurasa mmoja, kila kimoja kikimeremeta kuliko mwenzake, inataka ubofye kisicho chake. Ifunge.

Usidanganywe na kufuli. Ile alama ya kufuli kwenye kivinjari huonyesha tu kuwa mawasiliano kati yako na tovuti yamefichwa. Haithibitishi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu.

Usipokee skrinseva kwa barua pepe wala kwa ujumbe wa simu, hata kama imetoka kwa shemeji. Huduma kubwa za barua pepe kama Gmail na Outlook huzuia viambatanisho vya .scr. Ndiyo maana wahalifu huvifungia ndani ya faili la zip lenye neno la siri, au hutuma kiungo cha kupakua. Ukiona mtu anakupa faili lililofungwa pamoja na ufunguo wake, jiulize ni nani aliyekuwa akifichwa asilione.

Faili likishafika

Kupakua si sawa na kufungua. Baada ya faili kuingia kwenye kompyuta yako, bado una nafasi ya kulikagua kabla halijafanya lolote. Itumie.

Kwanza, ziamuru herufi za mwisho zionekane. Katika Windows 11, fungua folda yoyote, bofya “View”, kisha “Show”, halafu “File name extensions”. Katika Windows 10, sehemu ya “View” ina kisanduku cha jina hilohilo. Ukishafanya hivyo, harusi.jpg.scr haitaweza tena kujifanya harusi.jpg.

Pili, tazama aina ya faili. Panga folda yako kwa mtindo wa “Details” na usome safu iliyoandikwa “Type”. Faili lenye sura ya picha lakini likaandikwa hapo kuwa “Screen saver” limekwisha kujisaliti. Hata ule ujanja wa kugeuza herufi hauwezi kuificha safu hiyo.

Tatu, lipime kwa kinga yako. Bofya faili kwa kitufe cha kulia cha mausi na uchague mstari wa kulipima kwa Microsoft Defender.

Nne, tafuta maoni ya pili. Tovuti ya VirusTotal, iliyoanzishwa mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012, hupokea faili na kulipima kwa kinga nyingi kwa wakati mmoja, bila malipo. Hata hivyo, kinachopelekwa huko huweza kuonwa na makampuni ya usalama, hivyo usipeleke hati zako binafsi. Aidha, jibu la kuwa faili ni safi halina maana ya dhamana, kwani programu hasidi mpya huweza kupita kabla kinga hazijaifahamu.

Tano, kagua saini. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua “Properties”, utafute ukurasa wa “Digital Signatures”. Jina la mtengenezaji likiwapo na likalingana na mwenye tovuti, hiyo ni dalili njema. Kukosekana kwake peke yake si ushahidi wa uovu, kwa kuwa watengenezaji wadogo wengi hawana saini, lakini ni sababu ya kuongeza tahadhari.

Hapa yapo makosa ambayo hata wazoefu huyafanya. Ukibofya faili la .scr kwa kitufe cha kulia, Windows hukuonyesha maneno “Test”, “Configure” na “Install”. Wengi huchagua “Test” wakidhani wanajaribu tu. Kujaribu ni kuendesha. Maneno yote matatu huiamsha programu hiyo, na kama ina sumu, sumu imekwisha kumezwa. Upimaji wote ufanyike kabla ya kugusa neno lolote kati ya hayo.

Wakati wa kusakinisha

Skrinseva nyingi za mtandaoni hazitolewi kama faili tupu la .scr, bali huja ndani ya programu ya kusakinishia yenye kurasa kadhaa. Kurasa hizo ndizo soko la matangazo.

Ukiulizwa uchague kati ya usakinishaji wa haraka na ule wa kuchagua mwenyewe, chagua wa pili, hata kama wa kwanza umeandikwa kuwa ndio unaopendekezwa. Soma kila ukurasa. Ondoa alama katika visanduku vinavyotaka kukuongezea kivinjari, programu ya kusafisha kompyuta, au ukurasa mpya wa utafutaji. Ukikuta kisanduku kisichokubali kuondolewa alama, funga kila kitu na ufute faili hilo.

Windows ikisimamisha zoezi na kukuonya kuwa imeilinda kompyuta yako dhidi ya programu isiyojulikana, usiikimbilie njia ya kuipita. Na tovuti yoyote inayokuelekeza uizime kinga kwanza ili skrinseva ifanye kazi imekwisha kukueleza nia yake. Mgeni anayetaka mbwa afungwe kabla ya kuingia si lazima awe mwizi, lakini anayetaka afungwe usiku na taa zizimwe, huyo hahitaji kuulizwa.

Hali kadhalika, skrinseva haina sababu ya kukuomba neno la siri la barua pepe, namba ya kadi ya benki au namba ya simu ya malipo.

Iwapo hatari imekwisha kuingia

Dalili za kawaida ni matangazo yanayojitokeza bila intaneti kufunguliwa, ukurasa wa kwanza wa kivinjari uliobadilika, kompyuta iliyokuwa nyepesi kugeuka nzito, kinga iliyozimika yenyewe, au mafaili yasiyofunguka na ujumbe unaodai fedha. Ukiziona, fuata utaratibu huu:

1. Ikate kompyuta kwenye mtandao. Zima Wi-Fi au chomoa waya. Flashi na diski za nje nazo zichomolewe.

2. Usiandike neno lolote la siri katika kompyuta hiyo.

3. Kwa kutumia kifaa kingine kilicho salama, badilisha maneno ya siri, ukianza na la barua pepe, kwa kuwa ndilo ufunguo wa kurejeshea mengine. Kama ulikuwa ukitumia huduma za benki, wapigie simu.

4. Ingia katika mipangilio ya skrinseva uchague “None”, kisha nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa uondoe ile ngeni pamoja na nyingine zilizoingia tarehe ileile.

5. Fanya upimaji kamili kwa Microsoft Defender. Upo pia upimaji wa “Offline”, ambao huiwasha upya kompyuta na kuikagua kabla programu nyingine hazijaamka. Huo ndio unaofaa kwa virusi vinavyojificha.

6. Kagua viongezo vya kivinjari na uondoe usivyovitambua.

7. Dalili zikiendelea, hifadhi hati zako na usakinishe mfumo upya. Flashi zote zilizowahi kuchomekwa zipimwe kabla ya kurudishwa.

Anayedaiwa fedha ili afunguliwe mafaili yake ajue kuwa kulipa hakumpi uhakika wa kuyapata. Kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inatambua kuwa ni kosa kuingia katika kompyuta ya mtu au kuharibu data zake bila ruhusa, hivyo aliyeathirika ana haki ya kuripoti polisi. Ni vema kuhifadhi ujumbe wa mhalifu na jina la tovuti iliyohusika kabla ya kufuta.

Nafasi ya mzazi

Kumkataza mtoto asiguse kompyuta si suluhisho, kwa kuwa shule inamtaka aijue. Linalowezekana ni kumpa utaratibu mfupi anaoweza kuukumbuka: chochote kinachoingia kwenye kompyuta kutoka nje, kiwe cha mtandaoni au cha kwenye flashi, kisifunguliwe kabla mtu mzima hajakiona. Afundishwe pia kusoma herufi za mwisho za jina la faili. Mtoto wa darasa la tano anayeweza kutofautisha .jpg na .scr anailinda nyumba kuliko kinga iliyonunuliwa na kusahauliwa.

Na siku mtoto atakapokosea, asikemewe kiasi cha kuficha. Virusi vilivyotajwa jioni ileile huweza kuzuiwa. Vilivyofichwa kwa wiki nzima kwa hofu ya viboko huwa vimekwisha kubeba maneno ya siri na kusambaa katika flashi za ofisini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kompyuta ya nyumbani ufa huo huweza kuanza na faili dogo lenye picha ya samaki.